SHADA LA BIBI ARUSI LIMFAE MWENYE KULISHIKA

Neno shada si geni masikioni mwa askari. Kila ifikapo tarehe 9 Juni, hapa Uganda tunapoadhimisha Siku ya Mashujaa, huwekwa mashada ya maua kwa ajili ya wale waliotoa roho zao, nasi husimama wima, midomo imefungwa, mpaka buruji inyamaze. Ndiyo maana askari wengi wasikiapo neno hilo, fikira zao hukimbilia kaburini kwanza. Lakini lipo shada jingine, dogo zaidi, ambalo halimngojei mtu afe ndipo litengenezwe. Hilo ndilo shada alishikalo bibi arusi anapoingia kanisani au anaposimama mbele ya msajili wa ndoa, na ndilo tunalokusudia kulizungumza leo.

Yamkini baadhi ya wasomaji wetu watauliza: je, maua nayo ni jambo la kumshughulisha mtu abebaye bunduki? Sisi twasema kwamba ni jambo lake kuliko alivyo mtu mwingine yeyote. Askari hupata siku chache tu za likizo ili aoe. Mara nyingi yeye yuko mpakani au yuko nje ya nchi, na maandalizi yote yamo mikononi mwa kamati ya arusi. Kamati hukutana, ahadi za michango huandikwa, kisha makadirio husomwa kwa sauti: magari, keki, hema, vinywaji, muziki, maua. Juu ya vinywaji kila mjumbe ana neno la kusema. Juu ya maua watu hutazamana, halafu kazi hupewa yeyote mwenye jamaa anayeuza maua mjini. Bibi arusi huliona shada lake kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku yenyewe, wakati ambapo hakuna awezalo kulibadili.

Tumehudhuria arusi nyingi za wenzetu, maana miongoni mwa kazi zetu ni kusaidia kupanga safu mbili za maofisa wanaoinua panga ili maharusi wapite chini yake. Tumemwona binti mfupi amebebeshwa mzigo wa maua uliomfunika tangu kifuani hata magotini, akawa kama mtu aliyejificha nyuma ya kichaka. Tumemwona mwingine akipiga chafya mfululizo huku kasisi akimngojea aseme “Nakubali.” Tumeliona gauni jeupe likipata doa la rangi ya kutu kabla hata pete hazijavishwa. Hakuna hata moja katika mambo hayo lililovunja ndoa. Lakini picha za siku hiyo ndizo zinazotundikwa ukutani, na mke wa askari huishi na picha zaidi ya mke wa mtu mwingine. Mumewe akiwa safarini miezi kadhaa, picha hiyo ndiyo anayoitazama kila jioni. Basi ni haki yake aonekane humo kama yeye mwenyewe.

DESTURI ILIKOTOKA

Ni vema kufahamu kwanza kwamba shada la kushikwa mkononi si sharti la ndoa ya Kikristo, wala ya Kiislamu, wala ya kiserikali. Ni desturi tu, nasi tuliipokea pamoja na gauni jeupe. Tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert, alivaa gauni jeupe na taji la maua ya mchungwa kichwani. Habari na michoro ya siku hiyo ilienea pote, na mabibi arusi wengi wakafuata. Mwaka 1845 familia hiyo ilipanda mhadasi katika bustani ya nyumba yao ya Osborne, kwenye Kisiwa cha Wight. Wasomaji wa Biblia wanaujua mti huo kutoka kitabu cha Isaya. Tangu arusi ya binti mkubwa wa Malkia huyo mwaka 1858, imekuwa mila ya familia hiyo kutia kijitawi cha mhadasi katika shada la bibi arusi.

Lakini watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawakuwangojea Waingereza wawafundishe kumpamba bibi arusi kwa maua. Tangu zamani, huko Lamu, Mombasa na Unguja, hufungwa kikuba: asumini, mawaridi, mrehani na mkadi, vyote vikikusanywa pamoja kuwa kifungu kidogo ambacho mwanamke hukiweka kifuani au katika nywele. Kikuba hakishikwi mkononi wala hakikusudiwi kuonwa na watu walio mbali. Kazi yake ni harufu. Asumini huchumwa ingali vitumba, kwa sababu hufunguka usiku na kutoa harufu yake yote saa hizo. Hapo pana fundisho kubwa: mfungaji wa kikuba humfikiria kwanza yule atakayekivaa, si watazamaji. Askari mwenzetu ambaye dini yake au mila ya kwao haina shada la mkononi asione amepungukiwa na kitu.

KIMO NA UMBO

Sasa tuingie katika shabaha yetu. Jambo la kwanza la kupima ni kimo cha bibi arusi. Bibi arusi mrefu anaweza kubeba shada linaloteremka kama maporomoko ya maji. Binti Diana, alipoolewa na Charles mjini London tarehe 29 Julai 1981, alishika shada lenye urefu wa zaidi ya meta moja. Lilimfaa kwa sababu mbili: yeye mwenyewe alikuwa mrefu, na gauni lake lilikuwa pana mno, mkia wake ukiburuzwa zaidi ya meta saba nyuma yake. Shada dogo lingepotea kabisa katika kitambaa kingi kiasi hicho.

Tarehe 29 Aprili 2011, Catherine alipoolewa na William, mwana wa Diana huyo huyo, alishika shada dogo la maua meupe ambalo halikuzidi sana upana wa mikono yake. Yeye pia si mfupi, lakini gauni lake lilimbana kiunoni na lilikuwa na lesi iliyofumwa kwa ustadi. Shada kubwa lingeuficha ufundi huo. Ndani yake mlitiwa ua dogo ambalo Waingereza huliita kwa jina la William, yaani jina la bwana arusi mwenyewe. Familia moja, fedha si tatizo kwao, na bado mashada mawili hayakufanana, kwa kuwa wenye kuyashika hawakufanana. Wahenga walisema: ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Kwa bibi arusi mfupi, shada la mviringo ndilo bora, nalo lisizidi upana wa kiuno chake. Kwa bibi arusi mnene, shada dogo kupita kiasi huonekana kama kitu alichookota njiani. Apewe la wastani, lenye majani yanayotokeza pande zote bila kupangwa kwa ukali. Kwa mwembamba, maua makubwa machache hupendeza kuliko madogo mengi. Kwa mrefu anayetaka kitu chepesi, yako maua ya kulazwa juu ya mkono kama mtoto alalavyo. Mojawapo ni gladiola, ambalo aina zake nyingi asili yake ni bara letu la Afrika. Askari watapenda kujua kwamba jina hilo, katika Kilatini, maana yake ni upanga mdogo, kwa sababu majani yake yamechongoka kama upanga.

Namna ya kulishika nayo ina kanuni zake. Mabibi arusi wengi, kwa woga, huliinua shada mpaka kifuani kana kwamba ni ngao. Walishushe hadi kwenye kitovu, viwiko vikunjwe kidogo, mabega yalegee. Wengine wetu tunaofundisha kuruta kushika silaha tunajua kwamba mabega yaliyokaza humsaliti mtu mwenye hofu.

MAVAZI NA SARE

Shada halichaguliwi kabla ya nguo. Nguo yenye mapambo mengi hutaka maua ya namna moja na rangi moja. Nguo isiyo na pambo huweza kuchukua shada lenye rangi mbalimbali. Maua meupe yaliyokaa mbele ya gauni jeupe hupotea katika picha yasipozungushiwa majani ya kijani, na yeyote aliyewahi kutazama picha iliyopigwa juani saa sita anajua tunalolisema.

Anayevaa gomesi asisahau kwamba fahari ya vazi hilo imo katika mshipi wake mpana uliofungwa kiunoni na ncha zake zikaachwa ziteremke mbele. Kumwekea shada kubwa mahali hapo ni kuifunika fahari hiyo. Kama ni lazima ashike maua, ashike machache, yenye vikonyo virefu, na ayaelekeze upande mmoja.

Siku hizi tunao pia mabibi arusi ambao wao wenyewe ni askari, na wengine hupenda kuolewa wakiwa katika sare. Hao shada lao liwe dogo, na likae mkono wa kushoto, ili mkono wa kulia uwe huru kwa saluti. Bwana arusi aliyevaa sare naye afahamu kwamba katika majeshi mengi ua halibandikwi kifuani mahali pa medali. Sare imekwisha kuwa na mapambo yake.

JUA, MAJI NA DOA

Adui mkubwa wa shada ni jua, na msaidizi wake ni ucheleweshaji. Arusi iliyotangazwa kuwa saa nne huanza saa sita, na maua yaliyokatwa jana yake yameachwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Kwa hiyo chagua maua kwa uvumilivu wake, si kwa uzuri wake pekee. Karnesheni na krisantemu huvumilia saa nyingi bila maji. Waridi huvumilia likipata maji ya kutosha usiku uliotangulia: majani ya chini yaondolewe, vikonyo vikatwe mshazari kwa kisu kikali, kisha vitumbukizwe ndani ya maji mahali penye baridi na giza. Bogenvilia inayopamba ua wa kambi zetu nyingi inashawishi kwa rangi, tena haina gharama, lakini ikishakatwa hunyauka upesi, na miiba yake haichagui mkono.

Yungiyungi ni ua la heshima, ila ndani yake mna vijiti vyenye chavua ya rangi ya kutu. Chavua hiyo ndiyo iliyotia doa lile tulilolitaja. Dawa ni kuviondoa vijiti hivyo kwa vidole mara tu ua linapofunguka. Chavua ikiangukia gauni, usiisugue wala usiipake maji. Ibandulie kwa gundi ya karatasi, taratibu. Bibi arusi mwenye pumu, au ambaye hupiga chafya akaribiapo maua yenye harufu kali, aulizwe mapema na apewe maua yasiyo na harufu. Hakuna haya katika kuuliza. Hata maua ya kitambaa yaliyoshonwa vizuri si aibu kwa mtu wa namna hiyo, na yana faida ya kudumu.

FEDHA NA MAHALI YATOKAPO MAUA

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tumekaa juu ya utajiri wa maua ambao watu wa mbali huulipia ghali. Kule Naivasha, Kenya, kwenye mwinuko wa meta 1,900 hivi, usiku wa baridi hulifanya waridi likue polepole na kuwa na kichwa kikubwa. Hapa kwetu, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko wa meta 1,150 hivi, joto hulikuza waridi upesi na kichwa chake huwa kidogo. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mashamba yetu yamekuwa yakipeleka mawaridi hayo madogo Ulaya. Kwa shada la bibi arusi mfupi, waridi dogo la kwetu lafaa kuliko lile kubwa, na mnunuzi hana sababu ya kuona kwamba ameshuka daraja.

Jambo la kuangalia ni tarehe. Katika siku zinazotangulia tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, mashamba hukaza kuuza nje, na waridi jekundu hupanda bei kila mahali. Anayeoa katika juma hilo achague ua jingine au rangi nyingine. Tunasema hivi kwa sababu tunawajua vijana wetu. Yuko anayeweza kukopa ili shada la mkewe lifanane na lile aliloliona gazetini, kisha mke huyo huyo akasaidia kulilipa deni kwa mwaka mzima, wakati maua yalikwisha kunyauka siku ya pili. Mawaridi saba yaliyofungwa kwa utepe safi na kuzungushiwa majani mazuri yanatosha. Msemo wetu wa siku zote ni kwamba chanda chema huvikwa pete. Wala haukusema kivikwe pete ya mkopo.

SHADA LILILOWEKWA JUU YA JIWE

Tulianza kwa kusema kwamba yako mashada ya aina mbili, la kaburi na la arusi. Iko siku moja ambayo mashada hayo mawili yalikuwa shada moja, nayo ni habari ambayo kila askari anapaswa kuijua.

Katika kanisa la Westminster Abbey, mjini London, amezikwa askari mmoja asiyejulikana jina wala cheo. Aliletwa kutoka viwanja vya vita vya Ufaransa, akazikwa hapo tarehe 11 Novemba 1920 kwa niaba ya wote waliopotea. Tarehe 26 Aprili 1923, binti mmoja aitwaye Elizabeth Bowes-Lyon aliingia kanisani humo kuolewa na mwana wa mfalme, yule ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Sita. Ndugu yake Elizabeth, aitwaye Fergus, ofisa wa kikosi cha Black Watch, alikuwa ameuawa katika mapigano ya Loos mwezi Septemba 1915. Binti huyo alipokuwa akiingia, kabla ya kufika madhabahuni, aliliweka shada lake juu ya kaburi la askari yule asiyejulikana, kisha akaendelea kwenda kuolewa mikono mitupu.

Tangu siku hiyo mabibi arusi wa familia ile wamekuwa wakipeleka mashada yao kwenye kaburi hilo baada ya ibada. Binti yake, Elizabeth wa Pili, alipeleka lake baada ya arusi yake ya tarehe 20 Novemba 1947. Nalo lilikuwa la okidi nyeupe na kijitawi cha mhadasi. Mwezi Novemba 2020, kaburi lilipokuwa linatimiza miaka 100, Malkia huyo, akiwa na umri wa miaka 94, aliagiza shada lililofanana na lile la arusi yake liwekwe hapo tena. Mashada ya Diana na ya Catherine, tuliyoyaeleza hapo juu, nayo yaliishia juu ya jiwe hilo hilo.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu inawahusu mabinti wengi wa nchi hii, ambao baba zao, kaka zao au waume wa dada zao walikwenda kazini na hawakurudi. Binti wa namna hiyo anapoolewa, watu humshangilia kwa vigelegele, lakini yeye anajua ni nani aliyepaswa kumshika mkono siku hiyo na hayupo. Shada linalomfaa huyo haliwezi kupimwa kwa kimo na kiuno peke yake. Muulizeni marehemu alipenda ua gani, au ni ua gani lililokuwa limepandwa mbele ya nyumba yao, na hilo litiwe katikati. Kama kaburi liko karibu, apewe nafasi ya kupita hapo akaliache shada lake. Desturi ya kulirusha ili wasichana walidake si amri ya mtu yeyote, na wasichana wanaweza kurushiwa shada dogo jingine.

Kwa hiyo, ndugu askari, ewe unayetarajia kuoa: kabla hujaondoka kurudi kikosini, kaa na mchumba wako nusu saa. Mwulize nguo atakayovaa, maua anayoyapenda na yale yanayomdhuru, na jina la mtu ambaye angependa awepo. Yaandike hayo kwenye karatasi, umkabidhi mwenyekiti wa kamati yako mkononi, na umwambie kwamba katika jambo hili moja yeye atekeleze tu, asibuni.